Simu ya Mezani Imo Ndani ya Ruta Yako

Geuza ruta ya faiba iliyofungwa sebuleni kwako utazame mgongo wake. Karibu na matundu ya waya wa mtandao, kwenye ruta nyingi zinazofungwa na makampuni ya huku kwetu, utaona tundu moja au mawili madogo zaidi yaliyoandikwa TEL. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi matundu hayo hayajawahi kuchomekwa kitu. Fundi akija hupima mwanga wa faiba, huweka jina la Wi-Fi na nenosiri, husubiri taa ziwe za kijani, hujaza fomu na kwenda zake. Habari ya TEL haiulizwi wala haisemwi.

Ni matundu ya simu ya mezani, simu ileile yenye waya, mkonga na vitufe, ambayo wengi waliiweka kabatini simu za mkononi zilipoingia. Ndani ya ruta ya namna hiyo mna sakiti inayoipa simu umeme, inayoigonga kengele yake, na inayogeuza sauti kuwa data na data kuwa sauti. Kinachokosekana ni akaunti ya simu ya intaneti. Nimeona niandike juu ya akaunti hiyo kwa kuwa naamini ni haki ya mwenye nyumba kuijua na kuishika mwenyewe, na kwa kuwa kule ambako jambo hili limekuwa la kila nyumba, haki hiyo ilibidi iandikwe katika sheria ndipo ikaheshimiwa.

Akaunti yenyewe ni mistari minne tu ya maandishi: namba ya simu, jina la mtumiaji, nenosiri, na anwani ya seva ya mtoa huduma. Mwenye mistari hiyo anaweza kuiweka kwenye ruta yoyote inayoijua itifaki ya SIP na namba yake ikaita hapo, iwe Mbezi, Kisumu au Bonn.

SIP ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1999, ikaandikwa upya mwaka 2002, na mmoja wa walioitunga ni Henning Schulzrinne, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia cha New York. Kazi yake si kubeba sauti, ni kuitana. Ruta ikiwashwa huitumia seva ujumbe: mimi ndiye mwenye namba fulani, nenosiri langu hili, simu yangu ikija ilete kwenye anwani hii. Ujumbe huo hurudiwa kila baada ya muda uliopangwa, dakika kadhaa au saa nzima, ili seva isimsahau mteja. Mtu akikupigia, seva huitaarifu ruta, ruta hugonga kengele. Ukiinua mkonga, sauti huanza kusafiri kwa itifaki nyingine, RTP, mpaka mmoja wenu akate.

Nchi iliyoifanya kazi hii kuwa ya sebuleni kabisa ni Ujerumani. Kampuni ya AVM ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilitoa ruta yake ya FRITZ!Box mwaka 2004, na Watanzania na Wakenya waliosoma au kufanya kazi huko wanalijua vizuri boksi hilo jekundu. Katika muongo uliopita Deutsche Telekom, yenye makao makuu Bonn, mji uleule inakotangazia Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, ilipokuwa ikizima laini zake za zamani za ISDN na kuhamishia simu zote kwenye intaneti, ruta ikawa ndiyo kituo cha simu cha kila nyumba. Mzee wa miaka 80 asiyetaka hata kusikia habari za kompyuta alijikuta akipiga simu kwa SIP bila kulijua jina hilo.

Tuchukue basi FRITZ!Box kama mfano, kwa sababu kurasa zake zimepangwa vizuri na mwenye ruta nyingine atatambua mambo yaleyale. Ukishajiunga na Wi-Fi yake unafungua kivinjari na kuandika fritz.box. Ruta nyingine hufunguka kwa anwani ya tarakimu, kama 192.168.1.1, au 192.168.100.1 kwa ruta nyingi za faiba za Huawei. Utaombwa nenosiri la ruta yenyewe, ambalo si lile la Wi-Fi. Ndani mna sehemu ya simu, chini yake orodha ya namba zako, na kitufe cha kuongeza namba mpya. Unachagua mtoa huduma kwenye orodha, au kama hayumo, unachagua mtoa huduma mwingine na kujaza mwenyewe.

Hapa ndipo watu hukwama, na hukwama mahali palepale. Jina la mtumiaji linalotakiwa mara nyingi si barua pepe uliyojiandikishia kwenye tovuti ya mtoa huduma, bali ni mfululizo wa tarakimu na herufi uliotolewa kwa ajili ya SIP peke yake. Nenosiri nalo ni la SIP, tofauti na lile la kuingilia kwenye tovuti. Yote mawili hukaa kwenye ukurasa wa mipangilio ya akaunti yako, na lazima uyatafute. Kwenye nafasi ya seva huandikwa jina la seva tupu, bila http wala mkwaju. Ukinakili na kubandika, hakikisha hukubeba nafasi tupu mwishoni, maana ruta huihesabu kama herufi na akaunti hukataliwa. Kila kitu kikiwa sawa, kitaa kando ya namba hugeuka kijani: namba imeandikishwa.

Wengi huishia hapo wakaanza kulalamika kwamba simu haiiti. Kuandikisha namba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiambia ruta namba hiyo iite kwenye simu ipi: ile iliyochomekwa kwenye tundu, ile isiyo na waya iliyounganishwa na ruta, au programu iliyo kwenye simu yako ya mkononi ukiwa nyumbani. Uiambie pia kila simu itoke kwa namba ipi inapopiga. Kisha kuna msimbo wa nchi na wa eneo. Ruta ikipangwa kwa Ujerumani huchukulia 49 kuwa nyumbani, kwa hiyo ukiihamishia Tanzania ukapiga namba inayoanza na sifuri moja, itaipeleka Ujerumani. Badilisha msimbo uwe 255, au zoea kuanza na 00255.

Hitilafu inayochosha kuliko zote ni ya sauti kwenda upande mmoja. Simu inaita, unapokea, mwenzako anakusikia vizuri, wewe husikii kitu. Watu hubadilisha simu, hubadilisha waya, humtukana mtoa huduma. Chanzo kwa kawaida ni anwani. Vifaa vyote vya ndani ya nyumba vinatumia anwani za ndani, na nje ruta huonyesha anwani moja tu ya umma, kama geti moja lenye mlinzi anayeruhusu kuingia mgeni aliyealikwa na mtu wa ndani. SIP huandika ndani ya ujumbe wake mahali pa kupelekewa sauti. Ikiandika anwani ya ndani, seva ya mbali itatuma sauti kwenye anwani isiyofikika, na vipande vyote vitapotea njiani.

Ndiyo sababu nashauri akaunti iwekwe kwenye ruta yenyewe badala ya kuwekwa kwenye simu iliyo nyuma ya ruta: ruta ndiyo inayoijua anwani ya nje. Lakini ukiwa na ruta ya kampuni na nyuma yake umeweka ruta yako mwenyewe, umejenga mageti mawili, na kazi inakuwa ngumu zaidi. Huku kwetu makampuni mengi huongeza geti la tatu, kwa kuwapa wateja wengi anwani moja ya umma kwa pamoja, kwa kuwa anwani za mfumo wa zamani wa intaneti zilikwisha. Dawa zipo. Kwanza, zima kipengele kinachoitwa SIP ALG kama ruta yako inacho. Kilitengenezwa kusaidia, na mara nyingi ndicho kinachoharibu ujumbe. Pili, weka seva ya STUN ambayo mtoa huduma wako amekupa. Hiyo huisaidia ruta kujua inaonekanaje kutoka nje. Tatu, fupisha muda wa kujiandikisha, hata uwe dakika moja au mbili, ili njia iliyofunguliwa isifungwe katikati. Anayefuata hayo kwa utulivu, moja baada ya jingine, mara nyingi hupata sauti pande zote mbili.

Nimesikia watu wakihofia bando. Hesabu yake iko wazi. Kwa kodeki ya G.711, iliyo ya kawaida kwenye simu za namna hii, sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde na kutoa biti 64,000. Hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde, na kila kipande hubandikwa anwani zake. Ukijumlisha na anwani hizo unafikia kilobiti 87 hivi kwa sekunde, kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Saa nzima ya mazungumzo haifiki megabaiti 80. Mwenye faiba ya megabiti 10 atatumia chini ya asilimia moja ya kasi yake kila upande. Kinachoharibu sauti ni foleni: mtoto akianza kupakia video ndefu, vipande vya sauti hukaa nyuma ya video na kuchelewa. Ruta nzuri ina mpangilio wa kuitanguliza simu mbele ya kila kitu. Uwashe.

Kuchelewa ndiko kulikoitia doa simu ya intaneti Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Waliowahi kupiga simu kwenye vibanda vya intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka namna mlivyokuwa mkikatizana maneno. Intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti kupanda na kushuka tu kulimeza robo sekunde, wakati Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya kawaida. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na TEAMS ukatua Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Mwanga kwenye faiba hukata takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata ukikadiria njia ya kilomita 12,000 hadi Ulaya, huimaliza kwa milisekunde 60. Bibi aliye Tanga na mjukuu aliye Bonn sasa wanaweza kuongea bila kupishana.

Na huyo bibi ndiye ninayemfikiria zaidi. Yupo mzee ambaye vidole vyake haviwezi kioo cha simu ya kisasa, macho yake hayaoni alama ndogo za programu, lakini simu ya mezani yenye vitufe vikubwa anaifahamu tangu ujana. Weka akaunti kwenye ruta yake, weka nyingine ya mtoa huduma huyohuyo kwenye ruta ya mwanawe Ujerumani, na kwa kawaida simu baina ya namba hizo mbili hazitozwi kitu zaidi ya intaneti yenyewe. Mpangie kitufe kimoja cha haraka. Atainua mkonga, atabonyeza, itaita Bonn. Hatahitaji kuchaji wala kuingiza nenosiri, na hakuna programu itakayomdai isasishwe.

Ataniuliza mtu: WhatsApp si ipo? Ipo, na inafaa. Lakini ni mali ya kampuni moja, na anayeitumia yuko chini ya uamuzi wa kampuni hiyo. Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kuunganisha familia nyingi za ughaibuni, ilifungwa Mei 2025. SIP haina mwenyewe wa kuifunga. Mtoa huduma mmoja akishindwa, unajaza mistari minne ya mwingine kwenye ruta ileile, na simu ileile inaendelea kuita. Kwa duka, zahanati au shule ndogo kuna faida ya ziada: namba moja inayobaki ofisini hata mhudumu akihama na simu yake ya mkononi.

Kuna upande ambao sitaupamba. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi nyumba ikiwa gizani. Simu ya ruta hufa na ruta. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipokosa umeme, kila ruta isiyo na betri ilinyamaza na simu yake. Uingereza, ambayo imepanga kuzima laini zake za zamani ifikapo tarehe 31 Januari 2027, ilikuwa imelenga Desemba 2025, ikasogeza tarehe mbele kwa sababu wazee na wagonjwa wenye vifaa vya kuomba msaada vilivyounganishwa na simu ya mezani walikuwa hatarini. Mwishoni mwa 2023 makampuni yalikubali kusimamisha kuwahamisha watu bila ridhaa yao, baada ya vifaa hivyo kushindwa kufanya kazi kwa baadhi yao. Nchi tajiri yenye umeme wa kutegemewa ilishtuka. Sisi tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Kwa bahati, faiba ya nyumbani ya aina inayofungwa sana huku haihitaji umeme njiani. Kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako mna vioo vya kugawa mwanga tu. Kituo kikiwa na jenereta, na ruta yako, ambayo mara nyingi hutumia volti 12, ikiwa na betri yake ndogo, simu itaita hata mtaa mzima ukiwa gizani. Betri hizo za ruta zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, na kwa nyumba yenye mzee peke yake nazihesabu kuwa sehemu ya simu. Mkongo wa baharini ukikatika ni habari nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kusini mwa bara hili, Tanzania na Kenya zote ziliyumba, na seva iliyo ng'ambo haifikiki siku kama hiyo. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu namba ya Berlin inayopigia 112 kutoka Mbagala inaweza kumwita mzimamoto wa Berlin, simu ya mkononi ya kawaida yenye salio ibaki karibu kwa ajili ya dharura.

Hatari ya pili ni wezi. Kuna mitambo inayozunguka intaneti usiku na mchana ikibisha mlango namba 5060, ambao SIP huutumia, na kujaribu majina kama 100 au 1000 pamoja na manenosiri mepesi. Ikifaulu, hupiga simu za kimataifa za bei kubwa kwa namba ambazo wezi wanalipwa sehemu ya mapato yake. Februari 2014 wateja wa FRITZ!Box huko Ujerumani walipatwa na bili za namna hiyo, baada ya wahalifu kutumia udhaifu uliofikika kupitia usimamizi wa ruta kutoka mbali. AVM ilitoa programu ya kuziba udhaifu huo ndani ya siku chache, na waliochelewa kuiweka ndio waliobaki wazi. Kwa hiyo: badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta, funga usimamizi wa kutoka nje kama huuhitaji, ruhusu programu mpya ijiweke yenyewe, na zuia simu za kimataifa isipokuwa kwa nchi unazopigia. Tumia akaunti ya kulipia kabla, uweke salio dogo, na usiruhusu ijiongeze yenyewe. Mwizi akiingia atakuta shilingi elfu kumi, hatakuta kadi yako ya benki.

Neno moja la sheria. Kuwa na akaunti ya mtoa huduma aliye na leseni kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja. Kugeuza ruta yako kuwa njia ya kupitishia simu za kigeni za watu wengine kwa malipo ni biashara inayohitaji leseni, na kuifanya bila leseni kumewafikisha watu mahakamani.

Sasa turudi kwenye mistari minne. Wajerumani wengi waliwahi kuwa na ruta yenye uwezo wote niliouelezea bila kuruhusiwa kuingiza akaunti yao, kwa kuwa makampuni yalificha nenosiri la SIP na kumlazimisha mteja kutumia boksi la kampuni. Tarehe 1 Agosti 2016 sheria ilianza kutumika inayompa mteja uhuru wa kuchagua ruta, na inayomtaka mtoa huduma kumkabidhi taarifa zote za kuunganishia, kwa maandishi, bure, bila kuombwa, mkataba unapofungwa. Tangu siku hiyo namba ikawa ya mwenye namba kweli.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa TCRA ya Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya: kanuni fupi ya namna hiyohiyo, itolewe sasa wakati faiba ingali inaingia majumbani, kabla mazoea ya kuwafungia wateja hayajaota mizizi. Nawe unayemngoja fundi wiki hii, mwulize kabla hajafunga begi lake. Tundu la TEL linafanya kazi? Nani anashika nenosiri la msimamizi wa ruta? Nikinunua akaunti ya SIP, nitaruhusiwa kuiweka humu? Majibu yake yaandikwe kwenye mkataba kabla hujatia saini.